Tafakari ya Juma: Aliyeanguka Hatua ya Mwisho



Wapendwa waamini, Jumamosi iliyopita, baada ya mazoezi ya kwaya, tuliwakuta vijana wawili kibarazani mwa ukumbi wa parokia wakibishana kwa sauti iliyofika hadi sakristia. Tulidhani wanagombania fedha za sare. Kumbe walikuwa wakimgombania Frodo. Mmoja alikuwa amezitazama filamu tatu za Peter Jackson, The Lord of the Rings, zilizotoka kati ya mwaka 2001 na 2003. Mwenzake alikuwa amemaliza kukisoma kitabu chenyewe, naye akishikilia kwamba filamu zimekiharibu. Walipotuona wakatugeukia: “Baba Paroko, tuamulie. Frodo alishinda au alishindwa?”

Tuliwaahidi jibu. Jibu lenyewe ni hili, na watuwie radhi kwamba limekuwa refu kuliko homilia.

Kwa wasioijua hadithi hiyo, Frodo ni hobiti, mmoja wa watu wafupi wapenda amani na bustani zao, aliyekabidhiwa kazi ya kuipeleka Pete ya uovu hadi kwenye mlima wa moto ilikofuliwa, aitupe humo iangamie. Pete hiyo humpotosha kila anayeibeba. Nyuma yake ananyemelea kiumbe aitwaye Gollum, aliyekuwa nayo miaka mingi mpaka ikamwondolea utu. Mwandishi wake, J.R.R. Tolkien, alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akakulia Uingereza. Mama yake aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1900, akafariki dunia mwaka 1904, na wanawe wawili wakalelewa chini ya uangalizi wa Padre Francis Morgan wa Oratorio ya Birmingham. Kitabu kilichapishwa katika mabuku matatu, mwaka 1954 na 1955. Kabla hakijatoka, mwaka 1953, Tolkien alikuwa amekwisha kumwandikia Mjesuiti mmoja, Padre Robert Murray, akikiri kwamba kazi hiyo katika kiini chake ni ya kidini na ya Kikatoliki.

Mashabiki wa hadithi hii wamebishana kwa miongo mingi. Je, Balrog, lile zimwi la moto, lina mabawa au halina? Kwa nini filamu zimemwacha kabisa Tom Bombadil? Kwa nini Faramir, ambaye kitabuni anaikataa Pete, katika filamu ya mwaka 2002 anamshika Frodo ili Pete ipelekwe Gondor? Na juu ya yote hayo kuna swali la kanoni: ni maandishi yapi yenye mamlaka? Neno hili sisi tulilijua seminarini. Kanoni ni kipimo, na kuhusu Maandiko Matakatifu Mama Kanisa aliithibitisha orodha ya vitabu katika Mtaguso wa Trento, mwaka 1546. Wasomaji wa Tolkien hawana mtaguso. Wana vitabu alivyovichapa mwenyewe; wana The Silmarillion, iliyotolewa na mwanawe Christopher mwaka 1977, miaka minne baada ya kifo cha baba; na wana mabuku kumi na mawili ya rasimu ambayo Christopher aliyahariri na kuyatoa kati ya mwaka 1983 na 1996. Katika msitu huo kila mmoja hupata kuni za kuwashia moto wake.

Wapo wanaowacheka watu hawa. Sisi hatuwacheki. Sisi sote tuliokaa mekoni na bibi zetu tunakumbuka kwamba bibi alikuwa na ruhusa ya kumpamba sungura kila usiku kwa namna mpya, lakini akibadilisha mwisho, tulipiga kelele: “Bibi, jana hukusema hivyo!” Christopher huyo huyo, akiwa mtoto mdogo, alimkatiza baba yake kwa sababu mlango wa Bilbo uliokuwa wa buluu siku iliyotangulia sasa ulikuwa wa kijani. Mtoto anayelinda rangi ya mlango anakiri kwamba hadithi ina ukweli wake ambao hata msimuliaji hana haki ya kuuchezea.

Hata hivyo ubishi huweza kuoza. Mwaka 2022, ilipoanza kuonyeshwa tamthilia ya runinga ya The Rings of Power, wapo waliohoji kwa haki mambo ya hadithi: jinsi karne nyingi zilivyobanwa zikawa kama msimu mmoja, jinsi Galadriel alivyofanywa mpiganaji mwenye hasira. Lakini wengine waliwatukana waigizaji kwa rangi ya ngozi yao, na kulitumia neno kanoni kama fimbo. Hapo upendo wa hadithi ulikuwa umekwisha kuondoka, ikabaki fimbo peke yake.

Sasa turudi kwenye swali la vijana wetu. Kitabuni, Frodo anafika ukingoni mwa moto, baada ya njaa, majeraha na safari ya miezi mingi, na pale pale anakataa kuitupa Pete. Anatangaza kwamba ni yake, anaivaa. Gollum anamrukia, anamng'ata kidole pamoja na Pete, na katika kucheza kwa furaha anateleza na kuanguka motoni. Pete inaangamia. Katika filamu ya mwaka 2003, Frodo anainuka, wanakumbatiana kwa vita, wote wawili wanaporomoka ukingoni, na Sam anamwokoa bwana wake. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini ndiyo iliyowasha ugomvi wa kibarazani. Filamu inampa shujaa tendo la mwisho. Kitabu hakimpi kitu.

Tolkien mwenyewe aliulizwa jambo hili na wasomaji wake. Msomaji mmoja aliandika kwa ukali kwamba Frodo alistahili kuuawa kama msaliti, si kupewa heshima. Tolkien hakukana kwamba Frodo alishindwa. Alieleza kwamba mzigo ule, mahali pale, ulizidi nguvu ya kiumbe yeyote. Frodo alikuwa ametoa vyote alivyokuwa navyo, na huruma aliyokuwa amemwonea Gollum njiani ndiyo iliyomwokoa yeye na ulimwengu wake. Kwani Gollum alikuwa hai kwa sababu gani? Kwa sababu Bilbo aliweza kumuua asimuue, Frodo akamhurumia, na hata Sam, mkali kuliko wote, akaushusha upanga wake kwenye mteremko wa mlima ule. Sam alikuwa ameibeba Pete kwa muda mfupi tu, na muda huo ulimtosha kuelewa.

Lipo jambo ambalo wabishi wa kanoni wanalijua vema. Katika The Hobbit ya mwaka 1937, Bilbo na Gollum waliagana kwa amani: Gollum alikuwa ameahidi Pete iwe zawadi, alipoikosa akaomba radhi na kumwonyesha mgeni wake njia. Tolkien aliibadilisha sura hiyo katika toleo la mwaka 1951. Humo ndimo lilimoingia tukio la Bilbo kusimama gizani, upanga mkononi, akaguswa na huruma asiue. Na toleo la kwanza likafanyiwa nini? Tolkien alilifafanua kwamba lilikuwa uongo wa Bilbo, simulizi aliyoitunga ili aonekane ameipata Pete kwa haki. Kanoni ilifunguliwa upya, wapendwa, na kilichoingia kilikuwa huruma, pamoja na ungamo kwamba simulizi ya kwanza haikuwa ya kweli.

Nasi tuna toleo letu la kwanza. Mwaka 2004, tukiwa seminari kuu, diski ya filamu ile ya tatu ilitufikia wakati wa mapumziko, tukaitazama kwenye deki ya chumba cha burudani. Usiku ule tulibishana na frateri mwenzetu, rafiki wa karibu, mpaka kengele ya kimya kikuu. Yeye aliitetea filamu: mtu hawezi kubeba mzigo kiasi kile, alisema, halafu mwisho wake uwe kushindwa. Sisi tulikitetea kitabu. Tulimweleza habari za neema na za udhaifu wa mwanadamu, kwa maneno tuliyoyatoa moja kwa moja katika madaftari ya teolojia, na tukamshinda.

Miezi michache kabla ya ushemasi, rafiki huyo alianguka katika jambo ambalo si letu kulisimulia, akaondoka. Alituandikia barua moja akiomba tu tuonane. Hatukujibu. Tuliona kwamba mtu aliyefika karibu na altare kiasi kile hakupaswa kuanguka. Kwa miaka mingi, tukiulizwa habari zake, tulisema, “Tulipoteana.” Hilo ndilo toleo letu la kwanza, na ni uongo kama ule wa Bilbo. Hatukupoteana. Sisi tulimwacha.

Tulikutana naye miaka mingi baadaye, kwenye msiba wa mlezi wetu wa zamani. Alitusalimu kwa heshima, akatuonyesha watoto wake, kisha akasema kwa upole: “Padre, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba Frodo hakuwa msaliti. Nilikuamini. Nilipoanguka, nikasubiri uje.” Hatukuwa na neno la kumjibu isipokuwa kuomba msamaha, naye akatoa bila kutuwekea sharti. Tangu siku ile tumejua kwamba inawezekana mtu akawa na msimamo sahihi juu ya kila ukurasa, akabaki nje ya nyumba kama yule kaka mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu, akiyasikia muziki na machezo, akihesabu kasoro.

Basi, vijana wetu, hukumu yetu ni hii. Frodo alishindwa, na Pete iliangamia. Msiliondoe hata moja kati ya hayo mawili. Aliyeitazama filamu asione aibu. Hata humo maneno ya Gandalf kuhusu huruma yamo, kwenye giza la Moria. Aliyekisoma kitabu asijivune, kwa maana kitabu hicho kinamdai zaidi. Hata Petro alishindwa kando ya moto wa makaa, na kando ya moto mwingine wa makaa, ufukoni, Bwana hakumuuliza kwa nini alimkana. Alimuuliza kama anampenda (Yn 21).

Juma hili kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja aliyeanguka hatua ya mwisho: aliyeshindwa ndoa, utawa, masomo, au nadhiri ya kuacha pombe. Ampigie simu, au amfuate nyumbani. Na kama amezoea kusema “tulipoteana,” asahihishe kwanza simulizi yake.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyetuonea huruma kabla hatujaiomba, utujalie tusiwahukumu walioishiwa nguvu njiani, nasi siku tutakaposhindwa tukute kuna aliyetuhurumia. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tunawatakia Dominika njema. Ni sisi, Paroko wenu.