Watoto wa Tukuyu na ndoo zao

Wadau, nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa Tukuyu. Gazeti lilinituma Rungwe kufuatilia bei ya parachichi, na habari hiyo imeshatoka. Ninayotaka kuyasema leo hayakuingia gazetini, kwa sababu yananihusu mimi mwenyewe.

Mnaoijua Tukuyu mnaijua mvua yake. Ukitoka Mbeya mjini, ukaiacha Uyole na kuanza kupanda, baridi inakuingia dirishani. Ukifika Kiwira unatafuta sweta. Migomba kila upande, chai, na Mlima Rungwe umejificha ndani ya wingu. Ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi kabisa Tanzania. Huko huko nikakutana na watoto wa shule ya msingi wanapanda mlima na ndoo za maji kichwani, huku mvua inawanyeshea. Nikawapiga picha. Nikaona imetoka vizuri. Nikaendelea na parachichi zangu.

Jioni pale gesti nilimkuta dada mmoja Mwingereza anakula ndizi za nyama na kumwambia mama wa jikoni "ndaga fijo" kama mwenyeji. Alikuja mara ya kwanza akiwa na miaka 19, kujitolea kufundisha Kiingereza kwa miezi mitatu. "Kufundisha nilikuwa sijui, kaka," aliniambia huku anacheka. "Watoto ndio walionifundisha Kiswahili." Aliporudi kwao, zile ndoo hazikumtoka kichwani. Akauza keki chuoni, yeye na wenzake wakakimbia mbio za hisani, fedha ikapatikana ya kuweka mifereji kwenye paa la shule na tenki la kuvunia mvua. Safari hii alikuwa likizo, amekuja kuangalia kama koki bado zinafanya kazi.

Ndoo ni zile zile. Mimi nilipata picha, yeye akapata kazi ya kufanya.

Safari za namna hii si jambo geni. VSO ya Uingereza ilianza mwaka 1958, Peace Corps ya Marekani mwaka 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea vijana hao wa Kimarekani. Wengine walirudi kwao na picha tu, kama mimi. Wengine walianzisha kitu. Gemma Sisia wa Australia alikwenda kujitolea kufundisha Uganda, na mwaka 2002 akafungua shule ya St Jude kule Arusha ikiwa na watoto watatu. Leo ina wanafunzi zaidi ya elfu moja.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Kibera, Nairobi. Mwaka 2000 mwanafunzi wa Kimarekani, Rye Barcott, alimpa muuguzi mmoja mjane, Tabitha Festo, dola 26. Mama yule hakuwa na kazi, ila alijua anachotaka. Akafanya biashara ya mboga, akaikuza ile pesa, akaanzisha zahanati ndogo nyumbani kwake. Mwaka 2001 Barcott, Tabitha na kijana wa Nairobi, Salim Mohamed, wakaanzisha shirika la Carolina for Kibera. Tabitha alifariki mwaka 2004, zahanati ikabaki na jina lake. Wazo la zahanati lilikuwa la mama mwenyewe. Mgeni alisikiliza, akatoa alichokuwa nacho.

Kesho yake nilifuatana na yule dada hadi shuleni. Nikamwamkia mwalimu mkuu, akatukaribisha ofisini. Akanisimulia kuwa kabla ya huyu walikuja wageni wengine wenye moyo mzuri, wakapaka rangi darasa ambalo wenzao walilipaka mwaka uliotangulia. "Hatukukataa," alisema. "Mgeni unamkatalia vipi? Lakini huyu aliuliza, kamati ya shule ikamjibu: maji." Wazazi walisomba mawe na mchanga, wakachimba msingi. Koki ikiharibika, kamati inanunua nyingine.

Mzee yule akaanza kunieleza mambo ya zamani ya Wanyakyusa, jinsi vijana wa rika moja walivyokuwa wakitoka kwa wazazi wao na kujenga kijiji chao wenyewe. Halafu akanigeukia. "Na wewe kijana wangu, shule ya msingi ulisoma wapi?"

Nikamtajia.

"Mara ya mwisho umefika lini?"

Jamani, niliona aibu. Tangu nimalize darasa la saba sijakanyaga pale. Basi ninalopanda kwenda kumwona mama linapita mita chache tu kutoka getini.

Najua mtakachosema. Mzungu ana pasipoti, ana marafiki wenye pesa, sisi tunahangaika na kodi ya nyumba. Ni kweli. Lakini na tuambiane ukweli mwingine. Tuna kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja. Mwaka jana tulichangia harusi tatu, sendoff mbili na kitchen party moja, kwa kamati, mwenyekiti na mhasibu. Rika tunalo, kuchanga tunajua. Shule hatujawahi hata kuiuliza inahitaji nini.

Niliporudi Dar nilipiga simu. Mwalimu mkuu wa sasa hanijui. Nilidhani atataja kompyuta, nikawa nimeshaanza kupiga hesabu kichwani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Vyoo vya wasichana havina milango, mwanangu. Wakubwa siku zingine hawaji."

Nikaliweka jambo hilo kwenye kundi. Katika watu 41, saba walijibu siku ile. Mmoja aliuliza kama nagombea udiwani. Hadi jana tumepata fedha ya milango miwili kati ya minne, na fundi seremala tuliyesoma naye anatengeneza bila kudai ufundi. Mwezi ujao nitapanda basi lile lile, ila nitashuka getini. Sijui nitamwambia nini mwalimu kuhusu milango miwili iliyobaki.

Wewe uliyesoma hadi hapa, shule yako inaitwaje? Namba ya mwalimu mkuu unayo?