Mchezo wa Pili Hupimwa kwa Mizani Gani?

Mwaka jana tulikaa majuma matatu Lubumbashi, nyumbani kwa dada yetu, tukitibiwa mguu. Daktari alitukataza kutembea. Mtu aliyezoea kupanda baiskeli toka kijiji hata kijiji, akikalishwa kitini, siku moja kwake inakuwa ndefu kama juma zima. Mpwa wetu, kijana wa chuo kikuu, akatuonea huruma. Akaweka kompyuta yake mbele yetu, akasema: «Mjomba, cheza. Ni hadithi tu, lakini ndani yake ni wewe mwenyewe unayetembea.»

Tulicheka. Michezo ya video tuliiona kuwa mambo ya watoto, kelele na bunduki tu. Kumbe kuna aina moja iliyo kama kitabu kinene. Mchezaji anajichagulia mtu na kazi yake, kisha anaingia katika nchi isiyokuwapo duniani, yenye wafalme, mazimwi na watu wa uchawi. Anapata wenzi wa safari. Anaulizwa neno, naye anajibu; na kadiri ya jibu lake, hadithi inashika njia nyingine. Mchezo mmoja wa namna hiyo unaweza kumaliza jioni nyingi za mtu.

Mpwa wetu alikuwa nayo miwili, ndugu wa tumbo moja. Wa kwanza unaitwa Dragon Age: Origins, uliotoka Novemba 2009. Wa pili ni Dragon Age II, uliotoka Machi 2011. Yote miwili ilitengenezwa na BioWare, nyumba ya mjini Edmonton, nchi ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1995 na madaktari wa tiba waliopenda michezo. Kijana akatuambia mara moja: «Wa kwanza ni kazi kubwa. Wa pili ni takataka. Usipoteze siku zako.»

Tukamwuliza: «Uliumaliza?»

Akasema: «Hapana, mjomba. Niliacha mwanzoni. Lakini watu wote wanasema hivyo.»

Akatuonyesha. Katika intaneti kuna mahali panapoitwa Metacritic, wanapokusanya hukumu za michezo. Upande mmoja ni wahakiki, maana yake watu ambao kazi yao ni kucheza na kuandika magazetini. Upande wa pili ni wachezaji wenyewe, yeyote anayetaka. Wahakiki waliupa mchezo wa kwanza, ule wa kompyuta, pointi 91 juu ya 100. Wa pili waliupa 82. Si pointi za aibu. Mwanafunzi akirudi nyumbani na 82, mama yake anachinja kuku. Lakini tazameni upande wa wachezaji: wao waliupa huo mchezo wa pili chini ya 5 juu ya 10. Hiyo ni pointi ya kurudia darasa.

Jambo hilo lilitushangaza. Kazi ni moja, macho ni ya watu, na hukumu ziko mbali kama usiku na mchana. Ni nani anayesema uongo? Wengi walikuwa tayari kujibu. Wachezaji walisema wahakiki wamenunuliwa. Wahakiki wengine walisema wachezaji ni watoto wenye hasira. Sisi, kwa kuwa mguu haukuturuhusu kwenda popote, tuliamua kucheza yote miwili, kisha kusema.

Mchezo wa kwanza tuliupenda. Ulitangazwa mwaka 2004 ukatoka mwaka 2009, na mtu anaona kwamba haukufanywa kwa haraka. Unaweza kuwa mwanadamu, au elfi mwenye masikio marefu, au mtu wa jamii ya wafupi wakaao chini ya milima. Na kila mmoja ana mwanzo wake. Majitu maovu yanatoka chini ya ardhi, nawe unazunguka nchi nzima ukitafuta watu wa kukusaidia kuyashinda. Vita ni vya polepole. Unasimamisha kila kitu, unatazama uwanja toka juu kama tai, unampa kila mwenzako amri yake, kisha unaacha waende.

Mchezo wa pili ulitoka miezi 16 tu baada ya ule. Ndani yake hamna kuchagua taifa: wewe ni mwanadamu, ukoo wako ni Hawke, na nyumba yenu imekimbia vita. Mnafika Kirkwall, mji wa bandari, mkiwa wakimbizi wasio na kitu. Huzunguki nchi tena. Unakaa katika mji huo karibu miaka kumi, unapanda toka umaskini hata heshima, na unaona mji unapasuka polepole kati ya watu wa uchawi na askari wanaowachunga. Vita sasa ni vya haraka, na kule kutazama toka juu kumeondolewa.

Hapa tulianza kufahamu. Mhakiki anapewa mchezo kama mwalimu anavyopewa karatasi ya mtihani. Mwaka ule amecheza mingine mingi. Anauliza: kazi hii, kati ya kazi zote, ni njema kadiri gani? Aliona hadithi ya mji mmoja katika miaka kumi, jambo lisilo la kawaida. Aliona wenzi wa safari wenye roho na ugomvi wa kweli. Aliona pia makosa, akayaandika wazi. Akajumlisha, akatoa 82.

Mchezaji aliyeupenda mchezo wa kwanza hakuuliza hivyo. Yeye alingoja, akalipa kwa fedha yake, akafungua mlango ulioandikwa jina analolijua, akakuta mwenye nyumba mwingine. Swali lake ni hili: je, nimepewa nilichoahidiwa na jina hili? Naye akajibu: hapana. Jibu lake ni la kweli. Jina la kazi ni ahadi. Ukiweka ubao wa mkate mlangoni kisha ukauza mihogo, mihogo yako yaweza kuwa mitamu sana, lakini aliyefuata mkate ana haki ya kunung'unika.

Basi kila upande ulipima kwa mizani yake, na hakuna aliyesema mizani yake ni ipi. Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Nao uliharibika zaidi kwa sababu ya watu wa pembeni. Wengine walitoa sifuri. Ndugu, sifuri maana yake nini? Ni mchezo usiofunguka kabisa. Mtu anayetoa sifuri kwa kazi aliyoicheza saa kumi, huyo hapimi, anapiga. Na upande wa watengenezaji vilevile: mfanyakazi mmoja wa BioWare alikutwa ameipa kazi ya nyumba yake pointi 10 kati ya wachezaji, pasipo kujitaja kwamba yeye ni wa nyumba ile. Wenye biashara wakajibu kwamba ni kawaida watengenezaji kuipigia kura kazi yao. Labda ni kawaida. Lakini shahidi anayejificha, hata akisema kweli, anafanya kweli yenyewe ishukiwe.

Baadaye Metacritic walitengeneza kanuni moja. Tangu Julai 2020, mchezo ukitoka, wachezaji wanangoja saa 36 kabla ya kuruhusiwa kutoa pointi, ili watu wapate kucheza kwanza. Saa 36 hazitoshi kumtoa mtu hasira yote. Lakini angalau anapata nafasi ya kuonja kabla ya kutema.

Sisi tuliendelea kucheza. Siku ya nne tuliingia pango moja, tukasimama. «Pango hili tumekwisha kulipita,» tulisema. Mpwa wetu akapiga makofi. «Umeona, mjomba!» Kweli, watengenezaji walikosa wakati, wakatumia mapango yaleyale mara nyingi, wakifunga mlango huu na kufungua ule. Hilo wahakiki waliliandika na wachezaji walilipigia kelele. Katika jambo hilo pande zote mbili zilikuwa na neno moja.

Lakini siku ya tisa tukafika mahali ambapo kijana hakupata kufika. Mama wa Hawke anapotea mjini. Unamtafuta kwa haraka, ukifuata damu njiani. Unamkuta umechelewa, na hakuna jibu wala ufundi unaoweza kumwokoa. Tulirudi nyuma tukajaribu tena kwa njia nyingine, maana tulidhani tumekosea. Hatukukosea. Hadithi ilitaka tujue kwamba mkubwa wa mji naye anaweza kushindwa kumlinda mama yake. Jioni ile hatukucheza tena. Dada yetu aliuliza kama mguu unauma.

Na hapo, wasomaji, lazima tuseme habari yetu wenyewe, maana pango lile halikutuacha.

Sisi tulipotoka seminari na kupewa kazi ya ukatekista, tulichukua mahali pa mwalimu mzee aliyekaa pale miaka mingi sana. Sisi pia tulikuwa mchezo wa pili. Padri alipokuja kukagua, aliandika vizuri juu yetu: daftari safi, masomo yamepangwa, watoto wanajibu. Lakini watu walisema: «Huyu si kama mzee.» Walikuja wachache. Tuliumia. Tulijifariji kwa kusema: wanamlilia mzee tu, wanaona wivu wa elimu yetu, padri ndiye anayejua kupima.

Sasa, katika kiti kile cha Lubumbashi, tulimkumbuka mama mmoja mwenye kuuza samaki, ambaye huzunguka vijiji kama sisi. Siku moja alituambia kwa upole: «Mwalimu, neno hili ulilisema juzi kule ng'ambo ya mto. Na juma lililopita pia, kule juu.» Tulicheka wakati ule. Lakini ilikuwa kweli. Tulikuwa na vijiji vitano na somo moja. Tulibadili salamu mwanzoni, tukabadili wimbo mwishoni, na katikati lilikuwa pango lile lile.

Kumbe katika manung'uniko ya watu mlikuwa na mambo mawili yaliyochanganyika kama mchele na mawe. La kwanza: sisi si mzee. Hilo hatuwezi kulitengeneza. Yeye alikuwa na sauti ya kuimbisha hata waliolala, sisi tunaimba kama mlango usiotiwa mafuta. La pili: sisi tulikuwa tunarudia somo. Hilo lilikuwa kosa letu kabisa. Na kwa kuwa la kwanza halikuwa haki, tulilitumia kulifunika la pili.

BioWare hawakufanya kama sisi. Walitoa mchezo wa tatu, Dragon Age: Inquisition, Novemba 2014. Waliwarudishia watu kule kutazama vita toka juu, na ruhusa ya kuchagua taifa. Waliweka nchi pana zenye milima na majangwa, mahali pa mapango yale. Lakini hawakutupa yote ya mchezo wa pili: mtu mkuu aliendelea kuwa na sauti yake, na ugomvi ule wa Kirkwall ulikuwa mwanzo wa hadithi mpya. Mwaka ule mchezo huo ulitwaa taji la mchezo bora wa mwaka katika The Game Awards. Waliuchambua ule mchele: mawe wakayatupa, nafaka wakaipika.

Tuliporudi kijijini, tulianza kuandika masomo matano kwa juma. Ni kazi nzito, na mafuta ya taa yanakwisha upesi. Waliokuja hawajawa wengi kama wakati wa mzee, wala hatujui kama watakuwa. Lakini yule mama wa samaki sasa husimama kusikiliza mahali anapotukuta, maana hajui tutasema nini.

Naye mpwa wetu aliuanza upya mchezo wa pili baada ya sisi kuondoka, akaumaliza. Alituandikia kwa simu: «Mjomba, nimeupa 7. Mbili nimeondoa kwa mapango. Moja nimeondoa kwa sababu mwishoni unachagua upande, na wakubwa wa pande zote mbili wanapigana nawe vilevile, basi kuchagua kulikuwa bure. Lakini yule mama, mjomba, sikuweza kulala.»

Tukamjibu kwamba pointi zake zinatupendeza, si kwa sababu ni 7, bali kwa sababu kila moja ina maelezo yake. Hata watengenezaji kule Edmonton wangeweza kusoma maneno yale, wakajua la kutengeneza na la kuacha.

Basi, ndugu msomaji, kesho utaulizwa hukumu juu ya kitu cha pili: kitabu cha pili, mwalimu wa pili, mke wa pili wa mjane, mchungaji mpya wa kwaya. Onja kwanza. Sema unapima kwa mizani gani. Na kama wewe ndiwe unayepimwa, usilitupe neno la mtu kwa sababu limetoka na hasira. Lichambue kwanza, huenda ndani yake pana pango ambalo wewe mwenyewe hukuliona.