Mgeni Mpe Jembe, na Ardhi Je?

Mimi natoka Masaka, Uganda, na ninasoma Kiswahili nchini Tanzania. Methali mojawapo niliyofundishwa mapema ni hii: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naipenda, lakini huniachia swali. Akishapewa jembe, atalima ardhi ya nani?

Kisheria jibu liko wazi. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kwetu Uganda, ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 inasema ardhi ni mali ya raia. Mgeni anaweza kupangishwa tu. Kenya nayo, katika Katiba ya 2010, imemwekea mgeni kikomo cha miaka 99. Kwa hiyo silalamiki kwamba Tanzania inanibagua. Mtanzania akija Masaka atakutana na ukuta uleule.

Sababu ya ukuta huo naielewa, hasa inapohusu serikali ya kigeni. Serikali si mnunuzi wa kawaida. Ina hazina, ina jeshi, na si rahisi kuishtaki katika mahakama za nchi nyingine. Hata ubalozi, kwa Mkataba wa Vienna wa 1961, hupata majengo yake kwa kufuata sheria za nchi mwenyeji. Nchi inayoizuia serikali nyingine kumiliki ardhi yake inajilinda, nami naiunga mkono.

Shida huanza pale mtu anapohesabiwa kuwa sawa na serikali yake. Mwaka 2023 jimbo la Florida, Marekani, lilipitisha sheria ya kuzizuia serikali za nchi saba, zikiwemo China, Urusi na Iran, kununua mashamba na ardhi iliyo karibu na kambi za jeshi. Lakini sheria hiyohiyo iliwashika watu binafsi. Mtu ambaye makao yake ya kudumu yako China, kama si raia wala mkaazi wa kudumu wa Marekani, haruhusiwi kununua hata nyumba ila kwa masharti magumu. Jambo hili si geni huko. Mwaka 1913 California iliwazuia wageni "wasioweza kuwa raia" kumiliki mashamba, na waliolengwa hasa ni Wajapani. Baadhi ya wazazi waliandikisha mashamba kwa majina ya watoto wao waliozaliwa Marekani. Sheria hiyo ilibatilishwa na Mahakama ya Juu ya jimbo mwaka 1952.

Kuandikisha ardhi kwa jina la mwingine nimekuona nyumbani kwetu. Shangazi yangu aliolewa Bukoba. Yeye na mume wake walinunua kiwanja kwa fedha za wote wawili, lakini hati ina jina la mume peke yake. Watu humwambia aombe uraia. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo itambidi aukane ule wa Uganda. Akiukana, atakuwa mgeni Uganda, na kipande cha shamba alichorithi kwa babu hataweza tena kukimiliki kama raia. Sheria mbili, kila moja ikilinda ardhi ya watu wake, zimemkuta mwanamke mmoja katikati.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 2010. Inatusaidia kuvuka mipaka na kufanya kazi, lakini suala la ardhi liliachiwa sheria za kila nchi.

Sidai milango iachwe wazi. Naomba sheria zetu zitofautishe serikali ya kigeni, kampuni, na jirani anayeishi kati yetu. Serikali izuiwe. Kampuni ichunguzwe. Jirani aliyeoa au kuolewa hapa aweze kupangishwa ardhi ya nyumba kwa jina lake mwenyewe. Wenzangu mtasema wageni wenye fedha watapita katika mlango huo. Ndiyo maana nasema kiwe kiwanja kimoja tu, cha kuishi, na kisiuzwe kwa mgeni mwingine.