Mchezo Gani Tuuongeze Nyumbani?

Nataka kuwaeleza habari ya shauri dogo lililokaa nyumbani kwetu, hapa Wete, muda wa majuma mawili. Labda wako watakaosema ya kuwa michezo si jambo la kumshughulisha mtu mzima. Lakini fedha kidogo itumiwayo kwa mchezo yaweza kuwakusanya watu wa nyumba moja, tena yaweza kuwatenga. Kwa hiyo yafaa ifikiriwe kama ile itumiwayo kwa chakula na mavazi.

Kwetu bao hupendwa kuliko michezo yote. Tu watu saba: mimi na mke wangu, watoto wetu wanne, na mjomba wangu, mzee aliyepita miaka 80, ambaye watoto humwita Babu. Ubao tuliokuwa nao ulikuwa wa zamani, mashimo yake yote ya mviringo, nao watoto waliuchezea lile liitwalo bao la kujifunza. Katika bao hilo kila shimo hutiwa kete mbili. Mashimo ni 32, kete ni 64, na mchezo huanza mara moja. Lafaa sana kwa wanafunzi, maana halina mengi ya kukumbuka. Lakini watoto walikuwa wamekwisha kulizoea, wakataka tuongeze kitu. Karafuu zilipokwisha kuanikwa na kuuzwa, ikabaki fedha ya kununua kitu kimoja, wala si viwili.

Tukakaa mkekani kushauriana. Mwanangu wa pili akataka keram. Akasema, “Baba, bao ni la watu wawili, nasi tu wanne. Keram huchezwa na wanne pamoja, wala hapana wa kukaa akitazama.” Neno lake lilikuwa la haki. Keram ilitoka Bara Hindi, nayo imeenea sana katika miji yetu ya pwani. Ina kete 9 nyeupe, 9 nyeusi na moja nyekundu, nazo hupigwa kwa kidole ziingie katika matundu manne ya pembeni. Vijana huipenda kwa sababu ni ya haraka, na mwenye jicho na mkono mwepesi hushinda.

Binti yangu mkubwa akataka dama, kwa kuwa huko shuleni wenziwe huicheza. Dama ni rahisi kwa bei: ubao wenye vyumba 64 na kete 12 kwa kila mtu, asiye na kete huokota vizibo vya soda, akaviweka vingine chali na vingine kifudifudi. Mmoja akaitaja simu, maana zama hizi simu nayo ina michezo. Tukaiacha, kwa kuwa simu hushikwa na mmoja, na wengine huchungulia begani kwake.

Mimi mwenyewe nilikuwa nikiielekea keram, kwa ajili ya hesabu ile ya watu wanne. Mke wangu alikuwa akichambua mchele, hakusema neno hata tulipokwisha kusema sisi sote. Ndipo akauliza, “Mwalimu, katika michezo hii, ni upi ataoweza Babu?”

Tukanyamaza, maana jawabu lilikuwa wazi. Mikono ya mzee hutetemeka, hawezi kuipiga kete ya keram ikaenda anakotaka. Macho yake yameingia ukungu, hawezi kupambanua kete nyeusi na nyekundu juu ya ubao wa dama. Lakini bao hulicheza kwa vidole. Hupapasa shimo, akajua mna kete ngapi. Husikia kete zikianguka moja moja, akajua mwendo umeishia wapi. Jina la mjukuu humpotea mara nyingine. Hesabu ya kete haimpotei.

Tena yako mambo niliyoyajua ambayo watoto hawakuyajua. Mzee huyu zamani alicheza bao lenyewe, liitwalo bao la Kiswahili, na wenziwe wa barazani walikuwa wakijuana kwa mchezo huo miaka mingi. Hao wote wamekwisha kufariki. Kwa hiyo alibaki na elimu asiyo na mtu wa kuitumia naye, akakubali kucheza lile la kujifunza na wajukuu, kama fundi aliyepewa kazi ya mwanagenzi. Kama tungalinunua keram, watoto wangalihamia ukumbini, naye angalibaki chumbani kwake akizisikiliza kelele zao.

Basi nikawaeleza watoto ya kuwa bao lina nyongeza yake lenyewe, iliyokuwako kabla yetu. Kete ni zile zile 64, na mashimo yale yale 32. Linalobadilika ni mwanzo wake na sheria zake. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni: 6 katika nyumba, yaani lile shimo la mraba lililo karibu na katikati ya safu yake ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Zile 22 zilizobaki hukaa mkononi, naye huziingiza moja moja kila zamu yake. Sehemu hiyo huitwa namua. Kete za mkononi zikiisha, ndipo huingia mtaji. Mwenye nyumba huweza kuilinda, au kuivunja na kwenda safari na kete zake zote. Na katika kuchagua wakati wa safari ndipo hujulikana mchezaji. Anayeshindwa kabla ya kumaliza namua husemwa amefungwa mkononi, nayo ni aibu ya kuchekwa baraza nzima.

Elimu hii si ndogo. Mwalimu Nyerere alipenda kucheza bao. Ndugu zetu wa Malawi wana bao lao, huliita bawo. Na mwaka 1995 mtaalamu wa Uholanzi, Alex de Voogt, alitoa kitabu juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar, akichungua jinsi wanavyofikiri. Mtu alisafiri kutoka Ulaya kujifunza kwa wazee wetu; nasi mzee wetu yu chumba cha pili.

Wakakubali, ingawa si wote kwa furaha. Fedha tukampa seremala atuchongee ubao mpya wenye nyumba mbili za mraba. Watoto wakaenda pwani kutafuta komwe katika vichaka vya miiba, wakaleta kapu zima. Babu akazipima moja moja kiganjani, akazikataa zilizo ndogo, hata zikatimia 64 zilizolingana. Na kwa habari ya watu wanne, tukafanya sheria ya nyumbani: watoto wawili hukaa upande mmoja, hushauriana kabla ya kucheza, na wengine wawili hungoja zamu. Babu hukaa peke yake upande wa pili.

Sitasema ya kuwa mambo yote yamekuwa mema. Mwanangu wa pili bado huenda kwa jirani kucheza keram, nami sikumkataza. Msimu ujao, karafuu zikijaliwa, tutalifikiri tena ombi lake. Lakini binti yangu, aliyefungwa mkononi mara nyingi mwanzoni, juzi aliilinda nyumba yake hata namua ikaisha. Mzee akapapasa mashimo yote, akaguna, akamwuliza, “Nani alikufundisha kungoja?” Naye akajibu, “Wewe, Babu.”

Wahenga walisema, kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kwa hiyo nawashauri wenye nyumba na walimu wenzangu, mtakapotaka kuongeza mchezo, msitazame kwanza upya wake wala bei yake. Hesabuni watu wenu, mkubwa hata mdogo, mkaulize: mchezo huu utamleta nani mkekani, na utamwondoa nani? Tena ulizeni kama ule mlio nao mmeumaliza, au mmeonja ukingo wake tu. Katika dama kete iliyoliwa hutupwa kando, na katika keram huingia tunduni. Lakini katika bao kete iliyoliwa haitoki ubaoni, huhamia upande wa pili ikaendelea na kazi. Nyumba yenye wazee na watoto yafaa iwe hivyo, asitoke mtu mchezoni maadamu yuko kati yetu.