Somo la Mazoezi

Sisi tuliosomea ualimu Nyangezi, Kivu Kusini, enzi za Zaire tunazikumbuka asubuhi za somo la mazoezi: shati lililopigwa pasi ya makaa tangu jana yake, daftari la maandalizi lililoandikwa kwenye taa ya petroli mpaka macho yakawasha, chaki za rangi za kuazima, na ukungu ukiwa bado umeilalia mikaratusi wakati chuma cha gurudumu la lori kinagongwa kuita watoto. Nyuma ya darasa walikaa wenzako wote, na katikati yao mwalimu wa mbinu za kufundisha, kalamu mkononi, kimya.

Alasiri ndipo alipozungumza. Kwenye daftari uliandika kwamba watoto watagundua jibu wenyewe. Yeye alitaka kujua ni mtoto gani uliyemwacha agundue, maana alikuwa ameyaandika maswali yote uliyouliza na kuyajibu mwenyewe. Ulifundisha usafi, akauliza kwa nini ubao uliufuta kwa mkono wa shati. Kisha wenzako walisema kwa zamu, nawe hukuruhusiwa kujitetea, na somo lile lile ulilirudia baadaye mbele ya darasa jingine mpaka lililoandikwa na lililotendeka vikafanana. Kuna waliolia. Kiboko nacho kilikuwapo, na wasichana katika sehemu yetu walikuwa wachache mno. Siyatamani hayo yarudi. Alasiri zile nazitamani.

Nje ya ua wa shule mambo yalikwenda vingine. Siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya umma, wakubwa walitusifia jembe huku suti zao za abakosti haziguswi na vumbi. Katika miaka ya 1990 mshahara wa serikali ukawa jina tu, na baada ya migomo mirefu wazazi wakaanza kumlisha mwalimu kwa mchango tulioita primu. Tarehe 18 Februari 2006 ikatangazwa katiba mpya ya Kongo, na kifungu chake cha 43 kinasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure. Tuliifundisha hiyo katiba. Mwalimu aliyeanza asubuhi kwa haki za mtoto ndiye aliyesimama saa nne na orodha ya wasiolipa, akiita jina moja moja, na watoto wakashika njia ya nyumbani na madaftari yao kwenye mifuko ya plastiki, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka 13.

Septemba 2019 bure ikaanza.

Orodha ya saa nne haisomwi tena. Wasichana waliokuwa wakiuza avoka kando ya barabara ya Uvira saa za masomo wako darasani. Nalisema kwa furaha kubwa, na sitaki mtu anirudishe nyuma ya hapo. Lakini benchi la watoto wawili linabeba wanne, wengine wameketi sakafuni, na pale nyuma walipokaa wakosoaji wangu hapana nafasi ya kuweka hata kiti. “Papa,” aliniambia mwalimu mmoja kijana, “nikimuuliza kila mtoto swali moja tu, kengele inalia.” Daftari lake la maandalizi ni zuri. Hakuna anayekaa naye alasiri.

Na wengi wa rika lake hufundisha muda mrefu wakisubiri majina yao yaingie kwenye orodha ya mishahara ya taifa. Waliokwisha kuingia walikuwa wakilipwa kupitia benki. Mwezi wa pili 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji wa Bukavu, benki zikafungwa. Darasani waliendelea kuingia.

Kinachonisumbua ni kwamba neno kubwa kama lile la kifungu cha 43 lilitekelezwa kwa pupa baada ya kucheleweshwa hivyo, bila kufanyiwa mazoezi tuliyodaiwa sisi kwa somo moja la usafi. Zingechukuliwa shule chache za eneo la Walungu, wakubwa wakaja kukaa na walimu saa za jioni, wakahesabu benchi, wakauliza ni mtoto gani aliyesoma na ni yupi aliyekuwapo tu, wakarekebisha, ndipo wakaendelea kwingine. Bado inawezekana. Shule hazijahama, na walimu wako tayari kusema kilichowashinda, kwa ukweli kuliko ripoti yoyote ninayoijua.