Nilivyoharibu pipa la mvinyo la mjomba kwa ajili ya laiki

Mwenzenu leo naungama. Hii stori sijawahi kuiposti popote, ila juzi nimeona mtu anauza mvinyo mtandaoni kwa maneno yaleyale niliyotumia mimi, nikasema ngoja niseme.

Mjomba wangu ana ekari 2 za zabibu Hombolo, Dodoma. Hana vibarua wa kudumu. Ni yeye, mke wake na binamu zangu watatu. Kule zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kama Machi hivi na Agosti hadi Septemba, kwa sababu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima ndiye anayeamua lini uamke, kwa kuupogoa. Nyingine anaziuza mbichi, nyingine anatengenezea mvinyo kwenye chumba cha nyuma, kibali chake kakibandika mlangoni.

Na mvinyo wake hana mbwembwe. Aina ni Makutupora nyekundu. Wanaziponda, mchuzi na maganda vinakaa pamoja kwenye pipa, kwa sababu rangi nyekundu inatoka kwenye ganda. Chachu ya dukani hawekei. Anasema iliyokuja na zabibu kutoka shambani inatosha. Baada ya siku moja au mbili pipa linaanza kutoa povu lenyewe, maganda yanapanda juu, nao wanayasukuma chini asubuhi na jioni. Sukari haongezi. Hadi rangi ni ileile Mungu aliyoipa.

Mimi mtoto wa Dar nikaona dili. Nikaenda msimu wa Machi na simu yangu, nikaposti: "Mvinyo wa asili, hauna kemikali hata tone!" Wadau, oda zilimiminika. Watu 40 wakatuma advansi. Hela ikaenda moja kwa moja kwenye ada ya chuo ya binamu yangu mkubwa.

Kesho yake namkuta mjomba anapulizia mizabibu michanga unga wa njano.

"Shikamoo mjomba. Hiyo nini?"

"Marahaba. Salfa hii, ya ubwiriunga. Kwani wewe umewaambia watu ni nini, unga wa ugali?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Akanielewesha taratibu kwamba hata kilimo hai kinaruhusu salfa, na kwamba yeye anaacha kupulizia mapema kabla ya kuvuna. Ila akaniuliza swali moja tu: "Hata tone, ulijuaje? Uliniuliza?" Sikuwa na jibu. Na bado sikurekebisha lile posti.

Sasa sikia kituko chenyewe. Mvinyo ulipotulia, nikafungua pipa moja la lita 200 nipige video. Nikachota lita kama 5 za kupiga picha na za kuwaonjesha washikaji. Mfuniko nikaurudisha kijuujuu, nikapanda basi nikarudi mjini. Sikumwambia mtu.

Kumbe mvinyo usiowekewa kitu cha kuulinda unalindwa na vitu viwili tu: usafi na pipa lililojaa hadi juu. Ukiacha nafasi, hewa inaingia, bakteria wanaamka, na joto la Dodoma linawaharakisha. Wiki tatu baadaye mjomba akanipigia simu. "Mpwa wangu, njoo uonje." Nilionja nikakunja uso. Siki! Chupa zaidi ya 250, na ndizo nilizokuwa nimeziuza.

Binamu yangu mdogo akasema tuchanganye na mapipa mengine, tutie sukari, nani atajua? Jamani, nusura nikubali. Ada ilishaliwa. Mjomba alikaa kimya, halafu akasema, "Mimi nitajua. Na mwakani nikikutana na mizabibu yangu nitaiangaliaje?" Hakuniuliza nani alifungua pipa. Nadhani alishajua. Nikamwambia mwenyewe, mbele ya mke wake, nikilia kama mtoto.

Usiku ule niliwaandikia wateja wote 40. Kwamba pipa limeharibika na aliyeliharibu ni mimi. Kwamba shambani salfa inatumika na niliposema hata tone nilikuwa sijui ninachosema. Watu 11 wakataka hela yao, nikawarudishia kutoka kwenye mshahara wangu. Miezi miwili nilikula maharage. Mmoja alinitukana vizuri tu. Waliobaki wakasema watasubiri zabibu za Agosti.

Wamezipata chupa zao. Safari hii niliandika tu: zabibu za Hombolo, chachu ya shambani, sukari haikuongezwa, mizabibu ilipuliziwa salfa. Laiki zilikuwa chache sana, ila hakuna aliyerudisha chupa.

Ile siki je? Mke wa mjomba aliijaza kwenye chupa, akaandika SIKI kwa herufi kubwa, mama ntilie wa pale sokoni wanaigombania kwa kachumbari. Kila nikienda kuwasalimia ananipa chupa moja ya kurudi nayo Dar, na anacheka.

Mnaouza vitu vya familia mtandaoni, mlishawahi kuwauliza wazee kabla ya kuposti?