Kilomita 15 za karatasi, kilomita 61 za kweli

Leo, wapendwa wasomaji, tuache kidogo mambo ya simu na intaneti. Nataka tuongee juu ya mashine ambazo wengi wenu hamtawahi kuziona: swichi za mtandao wa hifadhi. Hizi si zile swichi za saiba. Kazi yake ni kuunganisha seva na makabati ya diski, kwa lugha yao iitwayo Faiba Chaneli, na zina tabia moja nzuri sana: hazitumi kitu mpaka ziwe na hakika kwamba kule kiendako kuna nafasi ya kukipokea. Tabia hiyohiyo ndiyo iliyonikesha Agosti 2021.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Lakini sacco ninayoifanyia kazi (sitaitaja) ina mafundi wachache, na malipo yakichelewa, anayepigiwa simu ni mwenye programu.

Kwa nini sacco iwe na diski mahali pawili? Wanairobi wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Bomu la 7 Agosti 1998 kwenye ubalozi wa Marekani liliangusha jengo la Ufundi na kuharibu vibaya jumba la Co-operative lililokuwa jirani. Watu zaidi ya 200 walikufa hapa Nairobi. Tangu siku ile hakuna mtu mwenye akili anayetaka rekodi za akiba za watu zikae katika jengo moja tu. Sisi diski kuu ziko mjini, na nakala iko upande wa Barabara ya Mombasa. Kati yake, kwa mujibu wa mkataba, ni kilomita 15 za faiba. Kuna njia mbili: ya kwanza inafanya kazi, ya pili inangoja ya kwanza ikatike.

Kila usiku saa 8 data inaanza kunakiliwa, kama terabaiti moja na nusu hivi, na ilikuwa ikimaliza saa 9 na dakika 10. Ndipo malipo hufunguliwa. Wakaguzi hawataki shilingi itoke kabla nakala haijakamilika, na mimi naona wana haki.

Halafu usiku mmoja ikamaliza saa 12 na robo tatu asubuhi. Kesho yake vilevile.

Msomaji atasema, masaa matatu na nusu ni nini? Njoo Tassia uone. Kwenye jengo ninamoishi kuna mama mwenye kibanda cha mboga, mwanachama wa sacco hiyo. Wakati ule kulikuwa na kafyu, saa 4 usiku mpaka saa 10 alfajiri. Ikiisha tu, yeye hutoa pesa kwa simu na kupanda matatu ya kwanza kwenda Marikiti, maana ukifika huko saa 1 mboga nzuri zimeshaondoka na zilizobaki ni za kukaanga siku hiyohiyo. Alinikuta kwenye ngazi. "Mwanangu, simu inasema pesa ziko. Nikiomba, inasema ningoje. Sasa ziko au haziko?" Nikamwambia, "Ziko, mama, ziko njiani." Sikujua nimesema kweli kiasi gani.

Ofisini walishasema programu imekuwa nzito. Nikapitia kumbukumbu zote. Programu ilikuwa ileile ya mwezi uliopita, data ileile. Kampuni inayotukodisha faiba ikajibu kwamba laini iko sawa, na kusema ukweli taa zilikuwa za kijani, hakuna kosa hata moja lililohesabiwa kwenye poti. Lakini kaunta moja ilikuwa ikikimbia kama mita ya teksi: tim_txcrd_z, ile inayohesabu muda ambao poti ina kitu cha kutuma na haina ruhusa ya kukituma.

Hapo inabidi nieleze ruhusa ni nini. Chukua depo ya soda yenye kreti 36 tu. Lori linapeleka kreti iliyojaa dukani, na depo haiwezi kujaza nyingine mpaka kreti tupu irudi. Duka likiwa hapo Fedha, kreti zinazunguka na depo haisimami. Hamishia duka hilo Machakos: barabara ni nyeupe, malori yapo, soda ipo, lakini kreti zote 36 ziko njiani na wafanyakazi wa depo wamekaa wanapiga soga. Swichi nazo ziko hivyo. Kreti yake inaitwa krediti, na kila krediti ni bafa moja, yaani nafasi ya kuweka fremu moja, kwenye swichi inayopokea.

Sasa hesabu. Mwanga ndani ya faiba huchukua kama mikrosekunde 5 kwa kilomita. Kilomita 15, kwenda na kurudi, ni mikrosekunde 150. Swichi zetu ni Brocade kuukuu za gigabiti 4 (tafadhali msinicheke), na kwa kasi hiyo fremu iliyojaa, yenye baiti 2112 za data, huchukua nayo mikrosekunde 5 hivi kutoka nje. Kwa hiyo unahitaji fremu 30 njiani ili laini isikae bure. Ni krediti 2 kwa kila kilomita. Kwa gigabiti 8 ni 4, kwa 16 ni 8. Kadiri unavyonunua kasi ndivyo umbali unavyozidi kukudai.

Amri ya kupanga haya ni portcfglongdistance. Hali ya L0 ni ya mwendo mfupi, LE ni hadi kilomita 10. Kupita hapo kuna LS, ambapo wewe ndiwe unayetaja kilomita na swichi inakuamini, na LD, ambapo swichi inapima yenyewe, ila haitavuka kikomo ulichoiwekea. Sisi tulikuwa kwenye LS, kilomita 15. Swichi ikatenga bafa 36: zile 30 na 6 za ziada.

Nilikuwa nyumbani, ghorofa ya sita, kafyu imenifungia ndani. Nikampigia kijana wa zamu kule kwenye nakala. Tukaigeuza njia ya pili kwanza, kwa kuwa kubadilisha hali kunaangusha laini, na lazima pande zote mbili zilingane. LD, kikomo kilomita 100. Nikaandika portbuffershow.

61.

Nikadhani macho. Tukageuza na ya kwanza: 61. Kijana akaniuliza, "Bosi, kwani wametupitishia Thika?" Alikuwa karibu sawa. Barabara ya Mombasa ilikuwa imechimbwa kwa ujenzi wa Expressway, na kampuni ya faiba ilikuwa imetuhamisha bila kutuambia: kutoka mjini kwa Barabara ya Thika mpaka Ruiru, kisha kurudi kwa Eastern Bypass. 61 gawanya kwa 15 ni kama 4, na dakika 70 mara 4 ni masaa manne na dakika arobaini. Hiyo ndiyo saa 12 na robo tatu.

Kutaja 61 hakutoshi. Swichi hupiga hesabu ikidhani fremu zote zimejaa, na zetu kwa wastani ni baiti 1500. Kreti nusu tupu bado ni kreti. Kwa hiyo njia ya kwanza tuliirudisha LS na kuidanganya kwamba ni kilomita 90, ikachukua bafa 186 kutoka kwenye akiba inayochangiwa na poti za jirani, ambazo bahati nzuri zilikuwa zimelala. Usiku huo nakala iliisha saa 9 na dakika 5. Msidhani krediti hutibu kila kitu, lakini. Zinajaza barabara tu, haziifupishi. Fremu moja bado inasubiri mikrosekunde 610, na ningepeleka nakala Mombasa ningesubiri karibu mara nane zaidi.

Jambo lililoniudhi zaidi halikuwa kasi. Njia zote mbili zilikuwa 61. Mkataba ulisema zipite sehemu tofauti, na sasa zilikuwa kwenye mtaro mmoja, zinangoja trekta moja. Niliituma ile 61 kwa barua, mara tatu. Novemba njia ya kwanza ikarudishwa Barabara ya Mombasa, tukapima, 17. Ya pili bado inazunguka Ruiru, na sasa nataka ibaki huko. Nimeiacha kwenye LD, na nina skripti ndogo inayosoma portbuffershow kila usiku saa 7 na nusu. Kilomita zikibadilika, simu yangu inalia kabla ya mama kuamka.